Mkaa Jikoni Hana Mahali

Katika ngano za Unguja zilizokusanywa na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, na ambazo baadhi yake George Bateman alizisimulia tena kwa Kiingereza mwaka 1901, imo ile ya Sultani Majnuni, wanawe saba na paka wake. Mtoto wa saba hakuwa na sifa. Kaka zake walikaa na baba yao. Yeye alishinda jikoni kwa mama yake, hata akaitwa Mkaa Jikoni, na baba yake akamwonea haya. Sultani alikuwa na mtende alioupenda, na kila tende zilipoiva alikuja ndege akazila. Wana wakubwa walipokezana kuulinda, kila mmoja akijiamini, na kila mmoja akapitiwa na usingizi. Ilipofika zamu ya Mkaa Jikoni, watu walicheka. Yeye akaenda na mifuko miwili, mmoja wa mahindi na mmoja wa mchanga. Alitafuna mahindi apate kukesha. Usingizi ulipomzidi alitia mchanga kinywani, ukamkera meno, akazinduka. Ndege alipokuja alimkamata.

Hiyo si hadithi ya kijana aliyezaliwa bila ya ila. Ni hadithi ya kijana aliyejua kwamba atasinzia. Kaka zake walikuwa na nguvu kama yeye, yumkini zaidi yake. Walichokosa ni ule mfuko wa mchanga, nao haubebwi ila na mtu anayeujua udhaifu wake. Waliotunga ngano hii, ambao hakuna ajuaye majina yao, waliona kwamba fahari ya kijana haianzi pale anapokuwa hana kasoro, bali pale anapoitambua kasoro yake na kuitafutia dawa.

Lau Mkaa Jikoni angefikishwa leo kwa wale wanaopima hadithi za vijana kabla ya kuchapishwa, asingevuka kizingiti. Lingeulizwa kwanza swali la kila siku: kijana huyu anafundisha nini? Mvivu wa kushinda jikoni, anayechekwa na watu na kudharauliwa na baba yake, ataigwaje na wanafunzi? Mwandishi angeshauriwa amtoe jikoni, ampeleke darasani, amshikishe nafasi ya kwanza, na amwondolee ule usingizi. Mchanga nao ungefutwa, maana usingekuwa na kazi tena.

Ndivyo zilivyo nyingi katika hadithi za Kiswahili zinazotolewa kwa jina la vijana. Ndani yake mna vijana wa namna mbili tu. Wa kwanza ni kielelezo. Huyu huamka alfajiri bila ya kuamshwa, huwapokea wazee mizigo yao njiani, hukataa kila kishawishi kwa hotuba fupi yenye methali mbili, na katika ukurasa wa mwisho hupata nafasi ya masomo ya juu. Wa pili ni onyo. Huyu hukataa nasaha katika sura ya kwanza, hufuata marafiki wabaya katika ya pili, huonja mara moja tu katika ya tatu, na katika ukurasa wa mwisho amekufa, amefungwa, au amekaa uani anajuta na tumbo lake. Wahakiki huwaita wahusika wa aina hiyo bapa. Neno hilo ni la upole. Kilichomo humo si mhusika hata kidogo. Ni kidole cha mzee kilichovishwa sare ya shule.

Baina ya kielelezo na onyo hapana mtu. Na hapo katikati, pasipo na mtu, ndipo wanapoishi vijana wote wa kweli. Barobaro wa miaka kumi na minne ambaye sauti yake imeanza kupasuka, akanyamaza madrasa nzima kwa kuogopa kuchekwa zamu yake ya kusoma ikifika, hayumo. Msichana mwenye chunusi usoni, anayempenda rafiki yake kwa dhati na papo hapo akamwonea kijicho kwa nywele zake, hayumo. Kijana aliyemwona mwenzake akionewa akageuza uso, kisha akalala usiku kucha akiutafuna ule woga, hayumo. Aliyesema uongo mdogo juu ya kazi ya baba yake, akalazimika kuulinda kwa uongo mkubwa, hayumo. Hawa si waovu, na wala si wema wa kuigwa. Ni wanaadamu walio safarini, na Kiswahili chenyewe kinalijua hilo, kwani hakikuridhika na neno moja la kuitaja safari hiyo: kina kigoli, kina mwari, kina barobaro, kina shababi. Lugha iliyozigawa hatua za ujana kwa makini namna hiyo imekuja kupewa hadithi zisizoziona hatua hata moja.

Hasara yake si ya sanaa peke yake. Msomaji wa miaka kumi na mitano anayekuta katika vitabu malaika na mahayawani tu hujifunza mambo mawili. La kwanza, kwamba vitabu havimhusu. Na akishafaulu mtihani wake, havifungui tena. Wanaolalamika kwamba vijana hawasomi wangeanza kuuliza walipewa wasome nini. La pili ni zito zaidi. Hujifunza kwamba anayeteleza haamki. Mhusika aliyekosea mara moja akafa katika ukurasa wa mwisho anamfundisha yule aliyekwisha kukosea mara moja kwamba ukurasa wake wa mwisho umeshaandikwa. Fundisho hilo halimzuii mtu kuanguka. Linamzuia kuomba mkono wa kuinuliwa.

Wapo wanaotetea hali hii, na hoja zao zinastahili kujibiwa moja baada ya moja, kwa sababu si watu wajinga wala hawana nia mbaya.

Hoja yao ya kwanza ni ya kuiga. Kijana, wanasema, ni samaki mbichi. Hukunjika upande anaokunjwa. Akisoma habari za mwongo, atasema uongo. Akisoma habari za mtoro, atatoroka. Hoja hii ingekuwa na uzito kama pwani isingekuwa na Abunuwasi. Vizazi kwa vizazi, watoto wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa wamelazwa kwa visa vya mtu aliyewadanganya majirani, wafanyabiashara na sultani mwenyewe. Baada yake huja Sungura, ambaye hakuna hadithi yake hata moja inayosimama bila ya hila. Wazee waliosimulia visa hivyo walikuwa wacha Mungu, na waliosimuliwa hawakukua wakawa taifa la walaghai. Walikua wakijua kucheka, wakijua kuwa mwenye nguvu anaweza kushindwa, na wakijua kuutambua ulaghai pale walipofanyiwa wao. Mtoto anajua tofauti ya kusikia na kufanya. Aliyeisahau ni mtu mzima.

Wala haifai kusema kwamba Abunuwasi ni mzaha na riwaya ni jambo la kweli. Ikiwa mzaha wa mwongo haukumharibu mtoto, vipi kisa cha mwongo anayeumia kwa uongo wake kimharibu? Anayesoma jinsi uongo unavyomkosesha mtu usingizi amepata kinga isiyopatikana katika hotuba. Hotuba humwambia kwamba uongo ni mbaya, na hilo alikwisha kulijua toka yuko chuoni. Hadithi humwonesha jinsi mtu mwema anavyoanza kusema uongo, na hilo hakuna aliyekuwa amemwambia.

Hoja ya pili ni ya haya. Mambo ya kubalehe, matamanio na aibu za mwili, wanasema watetezi, si ya kuandikwa. Si katika utamaduni wa visiwa kuyataja mbele ya vijana. Hapa historia inawakana. Mwari wa Kiswahili hakuachwa ajifunze kwa kubahatisha. Alipewa kungwi au somo, mwanamke mzima aliyemtajia kila kitu kwa jina lake, bila ya pazia. Unyago ulikuwa na ngoma zake, nyimbo zake na vichekesho vyake, na kasoro za miili na tabia za watu zilikuwa ndiyo mada yake. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa taarabu, visiwani alijulikana pia kwa ngoma ya unyago na kwa kuwafunda wari. Utamaduni uliomtoa mwanamke huyo hauwezi kuelezwa kwamba haukujua kusema na vijana.

Itajibiwa, na jibu hilo ni la haki, kwamba kungwi alisema ndani ya chumba kilichofungwa, mbele ya wari peke yao, ilhali kitabu hakina mlango. Lakini kitabu ndicho chumba chenye mlango kuliko vyote. Husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa kimya, na hakuna anayeona uso wa msomaji unapobadilika. Kijana anayeona haya kumuuliza mama yake, na asiyekuwa tena na kungwi kwa sababu watu wamehama, nyumba zimepungua na desturi zimelegea, atauliza wapi? Siku hizi jibu linajulikana: atauliza simu yake. Huko atajibiwa na watu wasiomjua na wasiomtakia heri, tena kwa picha. Mwandishi aliyeona haya kumwandikia hakuihifadhi haya. Amemkabidhi mtoto wa watu kwa wasioijua.

Ikumbukwe pia kwamba kijana mwenye kasoro si lazima awe kijana wa mambo ya chumbani. Hili ni kosa linalofanywa na pande zote mbili. Wapo waandishi wanaodhani kuwa ukweli wa ujana ni ulevi na uzinzi tu, wakatia sura mbili za namna hiyo kama pilipili katika mchuzi uliopooza, kisha mwishoni wakamwadhibu mhusika ili wapate radhi ya wakaguzi. Huo nao ni unafiki: msomaji ameuziwa dhambi kisha akauziwa na toba. Kasoro nyingi za ujana ni ndogo, na ndizo zinazouma. Ni majivuno, woga, ubahili wa moyo, kuwaonea haya wazazi maskini, kutaka kupendwa na watu usiowapenda. Mwandishi anayeweza kukaa na kasoro ndogo moja kwa kurasa mia, bila ya kuikimbilia na fimbo na bila ya kuipaka rangi, ndiye anayehitajika.

Hoja ya tatu ni ya urithi, na kwa wapenzi wa lugha ndiyo yenye nguvu. Shaaban Robert, wanasema, aliwapa wahusika wake majina ya tabia zao, akamtenga mwema na mwovu, na hakuna aliyeandika Kiswahili kizuri kuliko chake. Ni kweli kwamba katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, mwema anaitwa Adili na ndugu zake wanaitwa Hasidi na Mwivu. Lakini wanaomtaja Shaaban Robert kama ngao hawakisomi kitabu hicho hadi mwisho. Ndugu wawili wale, baada ya hiana yao, wanageuzwa manyani, na Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku. Anawapiga huku akiwahurumia, na hawezi kuizoea kazi ile. Mfalme Rai akijua siri hiyo anaingilia kati, adhabu inasita, na Hasidi na Mwivu wanarudishiwa ubinaadamu wao. Moyo wa kitabu ni rehema inayowatoa watu katika unyani. Walioiga baada yake wamechukua majina na mjeledi, wakaiacha rehema.

Urithi mwingine unaotajwa ni wa utenzi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia ambao hadi leo unasomwa katika nyumba za pwani. Hakuna haja ya kuupunguzia heshima yake. Mapenzi ya mama anayejua kwamba ataondoka yamo katika kila ubeti, na anayeucheka utenzi huo hajawahi kuuguliwa na mzazi. Hata hivyo, kuna mtu mmoja katika utenzi huo ambaye sauti yake haisikiki. Mwana Hashima anaitwa aketi, anaambiwa, anausiwa, anaombewa. Alichokisikia moyoni mwake hakijulikani. Je, alilia? Alikubali yote? Lilikuwapo neno moja alilotaka kuuliza akaogopa kumchosha mgonjwa?

Utenzi haukuwa na wajibu wa kujibu maswali hayo. Wasia ni wasia. Tatizo ni kwamba fasihi ya vijana iliyokuja baadaye imejifanya yote kuwa wasia, bila ya kuwa na kifo cha mama wala mapenzi yake. Na hapa wapenzi wa mashairi wanayo hoja ambayo hawajaitumia. Ushairi wa pwani haukuwahi kuwa wa upande mmoja. Ni ushairi wa kujibizana: malenga akitunga, malenga mwingine humjibu, na shairi lisilojibiwa huhesabiwa kama mgeni asiyekaribishwa. Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mwaka 1840, hakujitungia kama kielelezo. Alijigamba, alilalama, alipenda na akakasirika, na Mombasa ikamhifadhi vivyo hivyo alivyo. Taarabu nayo, tangu enzi za Siti binti Saad, imejaa watu waliodanganyika, waliochelewa, waliojua kuwa hawapendwi na bado wakangoja. Anayesikiliza nyimbo hizo usiku kwa machozi, kisha asubuhi akadai kwamba kijana wa riwaya awe hana doa, aeleze kwa nini udhaifu ni halali ukiwa na vina na ni haramu ukiwa nathari. Kwa mizani ya kujibizana, riwaya ya vijana si mahali pa kuurudia wasia. Ni mahali pa Mwana Hashima kufungua kinywa.

Wala isidhaniwe kwamba jambo hili haliwezekani kwa Kiswahili. Limekwisha kufanywa, na wana wa visiwa wamekuwa mbele katika kulifanya, ingawa katika vitabu ambavyo havikuandikwa kwa jina la vijana. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980, Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, kwa jina la kulindwa. Anatoka bila ya kujua dunia, na dunia inamtenda. Anaanguka kwa kina ambacho vijitabu vya maonyo visingethubutu kukitaja. Lakini hafi kwa ajili ya kumfurahisha msomaji mwenye hasira. Anarudi, anaolewa na Kabi, anaanza upya, na anayehukumiwa na riwaya ni aliyemfungia. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, Yasmini anaozwa angali mdogo kwa mume mwenye umri wa kuwa baba yake. Anamkimbia, jamaa zake wanamfungia mlango, na anapokewa Ng'ambo na Mwajuma, mwanamke ambaye hakuna kijitabu cha maadili kingemchagua kuwa mlezi. Yasmini si shujaa. Ana tamaa ya starehe, anapenda bila ya kupima, anakwenda na kurudi. Msomaji hamwigi, bali anafuatana naye, na njiani anaijua Unguja ya wakati wa ukoloni kuliko ambavyo angeijua kwa kufundishwa.

Mfano wa karibu zaidi umefika kwa Kiswahili kwa kuchelewa. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 1994, na wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 2022 kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, baada ya mwandishi huyo aliyezaliwa Zanzibar kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Yusuf anatolewa kwao akiwa katika mwaka wake wa kumi na mbili kuwa rehani ya deni la baba yake, naye hajui. Anaogopa mbwa. Anaogopa ndoto zake. Anastaajabiwa kwa uzuri wake na haujui utumiwe vipi. Kila mara msomaji anapomtaka aseme neno, ananyamaza. Na mwisho wa kitabu, ulimwengu wote unapomtaka achague, anawakimbilia nyuma askari wa Kijerumani, kitendo ambacho hakuna mwalimu wa maadili awezaye kukipigia vyema. Msomaji anafunga kitabu akiwa amekasirika na ameumia, na kwa siku nyingi anajiuliza yeye angefanya nini. Swali hilo ndilo elimu yenyewe. Haliulizwi na kielelezo, kwa kuwa kielelezo kimekwisha kujibu, na onyo halina nafasi ya kuuliza.

Upande wa pili wa mizani yupo Rosa wa Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika, riwaya ya mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda isisomwe mashuleni kwa hofu ile ile ya kuiga. Waliohofu hawakuona kwamba mwandishi alikuwa upande wao kwa jambo moja na dhidi yao kwa jingine. Alikuwa upande wao kwa kuwa Rosa anakosea na anaangamia. Alikuwa dhidi yao kwa kuwa maangamizi hayo yanaanzia kwa baba, Zakaria, na kwa malezi ya kipigo na mashaka, malezi yale yale ambayo vijitabu vya maonyo huyasifu. Rosa anakufa kwa mkono wake mwenyewe. Ni kitabu kikubwa, na huzuni yake ni ya haki. Lakini kati ya Rosa na Maimuna kuna umbali wa miaka tisa tu ya uchapishaji, na ndani ya miaka hiyo Kiswahili kilikwisha kuonesha njia zote mbili, ya kaburi na ya kurejea. Inasikitisha kwamba waandishi wengi wa hadithi za vijana wameichagua ya kaburi, tena bila ya Zakaria, ili kosa libaki la mtoto peke yake.

Serikali zenyewe, ambazo hazisifiki kwa upesi, zimetangulia mbele ya hadithi hizo. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba Tanzania Bara alifukuzwa shule na habari yake ikaishia hapo, kama katika vijitabu. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuwaruhusu waliokatiza masomo, na wao wakiwamo, warudi darasani. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuufungua mlango huo kabla. Na katika visiwa vilivyoteswa na unga, wapo vijana waliotoka katika unga huo ambao leo wanawahudumia wenzao katika nyumba za kupatia nafuu. Maisha yameruhusu sura ya pili. Hadithi bado inasisitiza kwamba mtumiaji afe katika ukurasa wa mwisho. Fasihi inayodai kuwa mwalimu wa jamii imekuwa nyuma ya wanafunzi wake.

Yako mengine yanayodaiwa na kijana wa kweli, na la kwanza ni lugha yake. Katika hadithi nyingi za vijana, mtoto wa miaka kumi na mitatu anazungumza kama kadhi. Hasiti, harukii, hakosei neno, na kila anapofungua kinywa hutoka methali. Kiswahili sanifu hakilazimishi hivyo, na wala lahaja ya mjini haikidhalilishi. Mtu anaweza kuandika masimulizi yaliyonyooka na bado akamwacha kijana azungumze kama azungumzavyo mwanamke wa Michenzani kwa mwanawe na mwanawe kwake: nusu sentensi, kunuka mdomo, kimya. Kimya cha kijana ni lugha kamili, na mwandishi asiyejua kukiandika hajamsikiliza.

La pili ni nafasi ya kutojua. Mwandishi wa onyo anajua mwisho wa kisa kabla ya kuanza, na msomaji naye anaujua kuanzia sura ya pili. Kinachobaki ni kungojea fimbo. Ken Walibora, katika Siku Njema ya mwaka 1996, alimpa msomaji kijana aliye karibu na kielelezo: Kongowea, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, hodari wa masomo na mvumilivu. Hata hivyo wanafunzi wa Kenya wamempenda, na hawakumpenda kwa uhodari wake. Walimpenda kwa sababu anamtafuta baba asiyemjua, njia nzima kutoka Tanga hadi bara ya Kenya, na hajui kama atakaribishwa. Kutojua huko ndiko kunakomfanya awe mtu, na kumwondolea ni kumwua.

Haya yote si madai ya kuondoa maadili katika hadithi. Ni madai ya kuyarudisha. Maadili ni kuchagua, na asiyeweza kukosea hachagui. Kijana anayetenda wema kwa sababu mwandishi wake hakumwachia njia nyingine hana ubora zaidi ya saa inayotaja majira. Lakini msichana aliyetaka kusema uongo, aliyekwisha kuufungulia mdomo, kisha akauacha au akausema na akaujutia, huyo amefundisha, na hakuna haja ya mtu kusimama pembeni kueleza alichofundisha.

Ngano ya Mkaa Jikoni haiishii penye mtende. Paka wa sultani, aliyeanza kwa kula ndama, akala mbuzi, akala ng'ombe, na kila watu waliposhitaki sultani alijibu kwamba paka ni wake na mali ni yake. Hatimaye paka yule akawa nunda, mla watu, akala hata wana wa sultani. Aliyeapa kumwua ni mtoto wa jikoni, na wala hakumjua nunda alivyo. Akaua mbwa, akamburura hadi kwa mama yake akiimba kwamba amemwua nunda. Mama akamwambia siye. Akaua punda milia, siye. Akaua twiga, akaua kifaru, akaua tembo, na kila mara alirudi akiimba, na kila mara akaambiwa siye. Mama hakumpiga, hakumcheka, wala hakumfungia ndani asiaibike tena. Alimwambia ukweli, akampa chakula, akamwacha aende. Siku ya mwisho kijana akarudi na nunda.

Wanaoshika kalamu na mihuri ya vitabu vya vijana wanaweza kuchagua mahali pa kukaa katika ngano hiyo. Wanaweza kukaa na sultani, wakimwonea haya mtoto wa jikoni na kumtetea paka. Au wanaweza kuingia jikoni, wamsikilize kijana anayerudi mlangoni kwa mara ya tano akiimba wimbo usio sahihi, wamwambie siye, na wampakulie.